Ukoo wa Bibi Nyota: Safari ya Black Hills

JUMATATU

Dada Furaha, 06:12
Shikamooni wakubwa. Wadogo, hamjambo. Narudia kwa mara ya mwisho: milima ya Black Hills tunakwenda wikiendi ya pili ya Agosti. Mkubwa dola 60, mtoto 25. Humo mna gari, mafuta na kulala Rapid City siku mbili. Waliotoa mpaka sasa ni mimi na Mama Neema. Kikundi kina watu 23!

Kaka Amani, 09:40
Furaha, wikiendi hiyo ni Sturgis, mkusanyiko wa mapikipiki. Nilipita barabara ya I-90 na trela wakati kama huo, chumba hupati hata cha kulala panya.

Dada Furaha, 09:41
Mapikipiki yanatuhusu nini? Sisi tuna gari.

Kaka Amani, 09:55
Wanakuja watu laki kadhaa dada yangu. Na wote wanalala huko huko unakotaka kutulaza.

Shangazi Kigoma, 10:20
Hamjambo wanangu. Hiyo Rapid City si ndiyo hapo hapo kwa Furaha?

Elisha, 10:31
Shikamoo Bibi. Hapana. Sisi Sioux Falls tuko mwisho wa mashariki, Rapid City iko mwisho wa magharibi. Kilomita kama 560, na bado ni South Dakota ile ile. Mto Missouri unalikata jimbo katikati. Huku wanaita East River, mvua inatosha, ni mahindi na soya. Ukivuka daraja la Chamberlain unaingia West River, mvua inapungua, mashamba yanaisha, ni nyasi na ng'ombe. Mbele kidogo hata saa inarudi nyuma saa moja.

Mama Neema, 10:33
Profesa ameamka 😂

Shangazi Kigoma, 10:40
Marahaba mjukuu wangu. Sasa mahindi yote hayo, mbona Furaha ananiambia unga wa ugali ni ghali?

Kaka Amani, 10:58
Shangazi, shikamoo. Hayo si ya ugali. Ni ya njano, ya kulishia nguruwe na ng'ombe. Mengine yanaingia kiwandani yanatoka ethanoli, wanachanganya na petroli. Mimi ndiye nayapeleka. Machicha yanayobaki wanarudishia ng'ombe.

Shangazi Kigoma, 11:02
Kwa hiyo gari linakula kwanza, nyie baadaye.

Shemeji Louisville, 11:03
😂😂😂 Shangazi bado hajaambiwa habari za Mitchell. Kuna jumba zima limepambwa kwa magunzi na punje zake! Kila mwaka wanabandua, wanabandika mengine.

Shangazi Kigoma, 11:10
Hao njaa hawaijui.

Elisha, 11:15
Waliijua Bibi. Miaka ya 1930 ukame na vumbi vilimaliza mashamba, watu wakahama. Sensa ya 1940 ilikuta watu wachache kuliko ya 1930.

Dada Furaha, 11:16
HELA. Tunaongea habari ya hela.

Shemeji Louisville, 11:30
Naweza kutoa kwa kadi? Maana barua za kadi yangu zote zinatoka Sioux Falls. Kila nikifungua najua ni wewe unanidai.

Elisha, 11:34
Hiyo ni Citibank. 1980 jimbo liliondoa kikomo cha riba, mwaka uliofuata wakahamishia huku kazi za kadi kutoka New York.

Shemeji Louisville, 11:35
Yaani riba yangu kwao ni kwenu.

Wifi Omaha, 13:02
Mimi sina shida na dola 60. Ila kabla ya mchango mpya, hesabu ya mbuzi wa Omaha ilisomwa lini?

Dada Furaha, 13:03
Wifi, yule mbuzi alikufa njiani. Nilisema mbele ya watu.

Wifi Omaha, 13:04
Mbuzi walichangiwa wawili. Kwenye sahani tulimwona mmoja. Huyo wa pili alikufia barabara gani?

Dada Furaha, 13:20
Tusirudi huko tafadhali. @Baba Mdogo Fargo unakuja na familia? Unasoma, alama za bluu naziona.

Elisha, 13:26
Baba Mdogo ni wa North Dakota, hamtambui 😅 Majimbo haya mawili yalizaliwa siku moja, 2 Novemba 1889. Rais Harrison alizichanganya karatasi makusudi, isijulikane ametia sahihi ipi kwanza. Mpaka leo hajulikani mkubwa ni nani.

Mama Neema, 13:30
Kwetu mkubwa anajulikana.

JUMANNE

Dada Furaha, 06:05
Haya, nimesikia ya mapikipiki. Tunahamia Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba. Ratiba: Badlands asubuhi, Wall tunywe yale maji ya barafu ya bure, halafu Rushmore, zile sura za marais mlimani, picha ya ukoo. Fulana za rangi ya chungwa nimeshaagiza.

Shemeji Louisville, 07:48
Chungwa? Nitasimama kando ya barabara watu wadhani kuna ujenzi.

Mama Neema, 15:50
Ndiyo kwanza natoka kiwandani, mikono imekufa ganzi kwa baridi ya nyama. Jumamosi hiyo wametuwekea zamu ya lazima. Naweza kuondoka usiku.

Elisha, 19:38
Babu ameniita. Amesema niandike kama anavyosema, nisipunguze.

Elisha (maneno ya Babu), 19:52
Wanangu, nimesikia mnabishana tarehe. Mimi wakati nakwenda kusafishwa damu nilikuwa nakaa kiti cha pembeni ya mzee mmoja Mlakota, wenyeji wa asili wa huku, anatoka eneo lao la Pine Ridge. Kiingereza changu kibovu, yeye anaongea taratibu, tukaelewana. Aliniambia milima hiyo kwao ni Paha Sapa. Mwaka 1868 serikali ilitia sahihi nao mkataba Fort Laramie kwamba ni yao. 1874 askari wa Custer wakaona dhahabu. 1877 ikachukuliwa. Hizo sura nne zilianza kuchongwa 1927, juu ya mlima wa watu. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ikasema kweli mlinyang'anywa, mlipwe dola zaidi ya milioni mia. Wakakataa. Hela iko hazina ya serikali inazaa, imeshapita bilioni, na Pine Ridge ni maskini wa kuonekana kwa macho. Nikamuuliza kwa nini hamchukui. Akasema, hatukuuza. Muuguzi akaja kumchomoa mipira, hakuongeza neno.
Nikamwambia hata mimi nina bahasha kabatini tangu kambini Nyarugusu. Mdogo wangu anaijua.
Nitakuja. Lakini kabla ya Rushmore gari lipite Wounded Knee, tuteremke. Na mdogo wangu akae kwenye gari nitakalokaa mimi.

Dada Furaha, 21:55
Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia.

Wifi Omaha, 22:04
Wounded Knee kuna nini?

Elisha, 22:09
29 Desemba 1890 askari waliua Walakota hapo, mia mbili na zaidi, wengi wanawake na watoto. Kaburi lao la pamoja liko juu ya kilima. Haiko kwenye I-90, unashuka kusini ndani ya ardhi ya Pine Ridge.

Kaka Amani, 22:15
Hapo ratiba ya Furaha inakufa. Tujaze mafuta Kadoka, na maji ya Wall tuyasahau.

Shangazi Kigoma, 23:40
Yaya, kaka yangu, ile bahasha ilipita mikononi mwangu Kasulu. Nakuapia sikujua ndani kuna nini.

JUMATANO

Baba Mdogo Fargo, 04:47
Shikamoo Yaya. Nimetoka kazini sasa hivi. Mnasema bahasha ya hela za kiwanja, hamsemi nilikiuza Mama akiwa amelazwa Bukavu na hospitali inadai. Na huko mjini Baraka hapakuwa na mtu wa kukilinda. Nilituma kila mmoja fungu lake, sikula peke yangu. Ratiba yangu ya kazi inatoka Ijumaa.

Shangazi Kigoma, 05:10
Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Kigoma, 05:12
Ujumbe huu umefutwa

Dada Furaha, 06:00
Asanteni wakubwa. Kwa hiyo nimeandika: Labor Day, magari mawili, Wounded Knee kwanza. Baba Mdogo atashuka I-29 mpaka kwangu, tuondoke pamoja. Mchango sasa ni 75 kwa sababu ya mafuta.

Wifi Omaha, 06:31
75 pamoja na mbuzi?

Kaka Amani, 07:15
Gari la Baba Mkubwa na Baba Mdogo nani anaendesha?

Dada Furaha, 07:15
Wewe.

Kaka Amani, 07:22
Saa sita nzima mimi katikati ya hao wawili? Hapana. Wikiendi hiyo nina mzigo wa ethanoli.

Dada Furaha, 07:23
Amani, Labor Day hakuna mzigo.

Mama Neema, 15:58
Mimi hiyo 15 nitakupa mkononi Jumapili kanisani. Vyumba vya Septemba umeshaulizia?

Dada Furaha, 16:40
Bado. Nasubiri Ijumaa.