Nampenda mwanangu, lakini nimeshindwa kuomba: mliotangulia mlifanyaje?

Mama wa Muheza:

Wazazi wenzangu, shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwenu nyote. Mwanangu wa kwanza ana miaka 6 na ana utindio wa ubongo, kwa kuwa alipozaliwa alichelewa sana kulia. Hawezi kukaa mwenyewe wala kusema, ila hucheka kila asikiapo kengele ya baiskeli ya muuza koni. Kumlisha bakuli moja la uji hunichukua karibu saa nzima, maana kila kijiko ni lazima nimshikilie taya, nisubiri ameze, nimfute, ndipo tuendelee.

Hayo nimeyazoea. Kilichonileta hapa ni jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu. Mwaka jana alipita mtaani kwetu mhubiri mgeni, akamwekea mwanangu mikono, kisha akaniambia kwamba kuendelea kumpa dawa za kifafa ni kumwonyesha Mungu kuwa simwamini. Nikaziweka juu ya kabati. Alfajiri ya siku ya nne degedege lilimshika likakataa kumwachia, tukakimbilia hospitali nikiwa nimejifunga khanga tu. Alipona, na dawa nikazirudisha, lakini tangu siku ile nikipiga magoti maneno hayaji. Nina hasira na mhubiri yule, nina hasira na nafsi yangu, na, nisameheni, nina hasira na Mungu. Ibadani nimeacha kwenda, kwa sababu mwanangu hulia kwa nguvu kwaya inapoanza na watu hugeuka kututazama. Wanaokuja kunitembelea huniambia "mwachie Mungu", wakaaga. Je, imani yangu ndiyo imekwisha? Na ninyi mliwezaje kuomba mlipokuwa hamuwezi?

Baba Watatu:

Pole sana, dada yangu. Mimi ni mzee wa kanisa, na binti yangu aliyezaliwa na mgongo wazi sasa ana miaka 14. Anayesema kwamba hasira ni mwisho wa imani hajazisoma Zaburi zote. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Mungu atamsahau mtu wake hadi lini, na ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila hata ule mstari wa sifa tuliozoea kuukuta mwishoni. Na bado hakuna aliyethubutu kuiondoa katika Maandiko. Ama swali la nani alitenda dhambi, wanafunzi waliliuliza katika Yohana 9 mbele ya kipofu, na Yesu akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Tunaihubiri sura ile kila mwaka kwa ajili ya muujiza, lakini jibu hilo tunalipita mbio kana kwamba linatuaibisha.

Uliuliza tuliomba vipi. Mimi na mke wangu tulipokaukiwa na maneno tulisoma Zaburi kwa sauti, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa na mwingine, na miezi mingi hatukuongeza neno letu lolote. Ningekushauri umwambie mumeo. Sisi wanaume hukimbia bila kuhama nyumbani: nilikuwa nakaa kijiweni hadi saa tatu usiku ili nikute mtoto amelala, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Bi. Likoni:

Asalaam alaykum, dadangu. Mimi ni Mwislamu, na mwanangu ana usonji. Kwetu maneno yanayoletwa mlangoni ni "mtihani" na "subira", nami nayakubali yote mawili, isipokuwa pale yanapotumiwa kumziba mzazi mdomo. Nabii Yaaqub ndiye aliyetaja subira njema, na ni yeye huyo huyo, katika Sura Yusuf, aliyehuzunika hadi macho yake yakawa meupe, akasema kwamba huzuni yake anamshtakia Mwenyezi Mungu. Basi atakayeniambia kwamba anayesubiri halii, mimi humuuliza aliisoma wapi.

Kwa heshima zote, sikubaliani na kaka hapo juu kwamba aanze na mumewe. Wapo waume ambao siku ya ugomvi watalirudisha neno hilo kama silaha: "wewe ndiwe uliyemnyima mtoto dawa". Wewe wamjua mumeo, sisi hatumjui. Kama una shaka, mwambie kwanza dada yako au jirani aliyewahi kukutunzia siri.

Na wale wa "mwachie Mungu", mimi huwajibu kwa upole: nimeshamwachia; wewe je, waweza kunishikia mtoto Jumamosi kwa muda wa saa mbili hivi, nikafue? Mmoja alikubali, na mpaka leo huja. Kuhusu dua, kwa muda mrefu yangu ilikuwa ni jina la mwanangu tu. Baada ya swala ya alfajiri, kabla hajaamka, nililitaja mara moja nikanyamaza.

Mtaalamu wa Viungo, Dodoma:

Mama, naomba niseme upande wa tiba, kwa sababu naona unaibeba alfajiri ile kama adhabu. Dawa za kifafa zikikatishwa ghafla, degedege linaweza kurudi likiwa refu na kali kuliko mwanzo; ndiyo maana hata daktari anapoamua kuziondoa huzipunguza kidogo kidogo. Kilichotokea ni matokeo ya dawa kukatika. Utindio wenyewe hutokana na ubongo mchanga kuumia, iwe kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo au kuzaliwa njiti. Na kwaya si kosa la mtoto wala si pepo: wengi wao hushtuka kwa sauti kubwa ya ghafla, kwa hiyo kaeni mbali na spika.

Nina swali ambalo hukuulizwa. Je, unalala? Unakula? Ikiwa kwa wiki mbili na zaidi huna hamu ya chochote, au unajiwa na wazo kwamba heri wewe au mtoto msingekuwepo, hiyo inaweza kuwa sonona. Nenda hospitali ukaombe kuonana na mtu wa afya ya akili, na kama ni wazo hilo la mwisho, nenda leo.

Ukiweza, tafuta pia kliniki ambako akina mama hutengeneza viti vya watoto kwa maboksi na magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa unga wa ngano. Kiti humkalisha mtoto vizuri wakati wa kula, lakini mimi napenda zaidi ile kazi ya kuchana magazeti, kwa kuwa mikono ikishughulika ndimi hulegea.

Mama wa Muheza:

Nawashukuru wote. Bi. Likoni, nilikaa na neno lako siku mbili, kisha nikamwambia mume wangu. Alinyamaza muda mrefu, akauliza dawa ziko wapi, akazihesabu, akaweka alama kwenye kalenda tarehe zitakapokwisha. Hakusema kingine. Zaburi ya 88 nimeisoma mara tatu, kuomba bado. Jumapili tutajaribu kukaa nje, upande wa mwembe, ambako spika haisikiki sana. Mtaalamu, kwa kiti hicho maboksi ya sabuni yanatosha, au nitafute magumu zaidi?