Linki za kudai tokeni za bure: nisome nini kabla ya kusaini?

Nyota_ya_Kusi
Wakuu, habari za jioni. Tangu Hamster Kombat, ule mchezo wa kubofya wa Telegram, watu wengi wamekata tamaa na eadropu (tokeni za kripto zinazogawiwa bure), lakini kwenye makundi ya Telegram kila siku inatupwa linki mpya ya "dai tokeni zako". Wenye ujuzi naomba mnifafanulie: kwa nini malipo yamekuwa kiduchu hivi? Na pochi (programu ya kutunza tokeni) ikileta dirisha la kusaini, yaani kuidhinisha ombi la tovuti, niangalie nini?

Mwanahesabu
La kwanza ni hesabu. Septemba 2020 Uniswap, soko la kubadilishana tokeni, iligawa tokeni zake 400 za UNI kwa kila anwani (namba ya pochi) iliyokuwa imeshatumia soko hilo, na siku hiyohiyo zilifikia thamani ya zaidi ya dola 1,000. Baada ya hapo uwindaji ukaanza, mtu mmoja na anwani mia, na fungu likazidi kusagika. Hamster Kombat, Septemba 2024: tokeni bilioni 100, asilimia 60 kwa wachezaji, waliostahili milioni 131. Gawanya, unapata wastani wa tokeni 458 kwa kichwa. Bei ilifunguka kwenye senti 1 hivi ya dola. Dola 4 na ushee kwa miezi ya kubofya simu! Na wote wakitaka kuuza saa ileile, bei lazima ianguke. Kabla ya kuchoma bando lako, tafuta jumla ya tokeni, fungu la washiriki na idadi yao. Mradi usiotaja hayo, achana nao.

Kufuli_Mbili
Naongezea upande wa kusaini. Kudai kwa kawaida kunagharimu gesi tu (ada ya mtandao), na tokeni zinaingia kwako. Dirisha likiandika *approve*, *increaseAllowance* au *setApprovalForAll*, hapo unampa mwingine ruhusa ya kuchukua mali yako. Angalia kiasi: ukiona tarakimu 78 zinazoanza na 115792, hiyo ni ruhusa isiyo na kikomo. *Permit*, ruhusa inayotolewa kwa sahihi tu, ndiyo inayowaponza wengi kwa sababu haikati gesi. Unasaini, historia ya pochi haionyeshi kitu, halafu mwizi anaitumia sahihi hiyo kwa wakati wake.

Usiguse tokeni ngeni iliyojiingiza yenyewe ikiwa na jina la tovuti. Kuwepo kwake hakukudhuru. Hatari iko kwenye tovuti inayokupeleka.

Watu hushauri utumie pochi tupu. Sawa, ila tokeni hudaiwa na anwani ileile iliyoorodheshwa, kwa hiyo fanya kinyume: hamisha kwanza mali nyingine zote kwenda pochi yenye maneno ya siri tofauti (yale 12 au 24 ya kuifungulia), bakiza gesi ya kutosha, ndipo udai. Linki ichukue kwenye tovuti rasmi ya mradi, si kwenye majibu ya watu chini ya tangazo.

Mdau_Nairobi
Na si lazima uibiwe pesa. Hapa Kenya mwaka 2023 watu walipanga foleni KICC kupigwa picha ya mboni ili wapate tokeni 25 za Worldcoin, mradi wa kutambua watu kwa macho. Agosti 2 serikali ikasimamisha zoezi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Tokeni unaweza kuuza, mboni huwezi kubadilisha. Ulizeni pia mnachotoa.

Nyota_ya_Kusi
Asanteni sana. Na aliyekwisha kusaini? Akiitenganisha pochi na tovuti inatosha?

Kufuli_Mbili
Haitoshi hata kidogo, mkuu. Kutenganisha kunaizuia tovuti kuona anwani yako tu. Ruhusa inabaki kwenye mkataba wa tokeni, yaani programu inayoiendesha kwenye mtandao. Fungua revoke.cash au ukurasa wa ruhusa wa Etherscan, weka anwani, na ufute ruhusa usizozitambua. Kila ufutaji unakata gesi, na kila mtandao una ruhusa zake: ukisafisha Ethereum, Arbitrum bado. Kama salio lipo, anza kuhamisha tokeni iliyoruhusiwa, kisha ufute.

Lakini kama aliandika yale maneno 12 au 24 mahali popote, kufuta ruhusa hakusaidii. Atengeneze pochi mpya yenye maneno mapya, si akaunti ya pili ndani ya pochi ileile, na ahamishe kilichobaki akianza na chenye thamani kubwa. Wezi huweka roboti inayofagia gesi mara tu inapoingia, kwa hiyo akiona ETH (sarafu ya kulipia gesi) inapotea kila akituma, aache kuongeza. Na atakayemfuata inboksi akiahidi kurudisha mali kwa ada ya kutanguliza, amzuie papo hapo.