Gari limezimwa, limefungwa, halafu linawaka moto lenyewe: tupeane uzoefu

Habari za wakati huu wakuu. Wiki mbili zilizopita niliamshwa saa nane usiku na honi ya gari langu, inalia mfululizo bila kukata. Nikajua ni wezi. Kufungua pazia, moshi unatoka kwenye boneti na chini yake kuna mwanga mwekundu. Gari hilo nililizima saa moja jioni!

Tuliuzima kwa mtungi wa unga na ndoo za mchanga kutoka kwa jirani, lakini upande wa mbele haukupona. Baadaye fundi akanionyesha chanzo. Waya mnene unaotoka betri kwenda stata (mota inayowasha injini) ulikuwa umeegemea kipande cha bati. Nilipofanyiwa gia boksi, kile kibanio chake hakikurudishwa. Kwa miezi bati likawa linakula plastiki taratibu kila gari linapotetemeka, mpaka likafika kwenye shaba. Ncha ya waya imeyeyuka ikawa kama shanga, na bati lina tundu la ukubwa wa punje ya mahindi.

Kilichoniumiza ni kwamba harufu ya plastiki kuungua niliisikia siku tatu kabla, nikadhani ni takataka zinachomwa mahali. Na wewe yamekukuta? Simulia, kuna mtu utamwokoa.

Fundi Umeme
Pole sana mkuu. Watu wengi wanaamini ukitoa ufunguo umeme umekatika. Hapana. Betri inaendelea kulisha alamu, saa, loki za milango, na waya wa stata una umeme muda wote. Tena kwenye magari mengi waya huo hauna fyuzi, kwa hiyo ukipiga shoti hakuna cha kuukata.

Mimi niliwahi kuletewa gari lililoungua chini ya dashibodi. Aliyefunga alamu alichukua umeme moja kwa moja kwenye betri. Fyuzi ilipokuwa inakatika mara kwa mara, mwenye gari akazungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ya ampea 15 ikikatika kila siku inakuita, inakwambia kuna waya unagusa mahali. Ukiweka ya 30, kitakachokatika sasa ni waya wenyewe, tena kwa kuungua.

Mama Wawili
Langu halikuwa umeme. Gasketi ya juu ya injini ilikuwa inavuja oili kidogo kidogo, nikawa naongeza tu. Siku hiyo nimepanda mlima mrefu na mzigo, nikafika, nikazima, nikaingia ndani na watoto. Hata dakika kumi hazikupita. Oili ilikuwa inadondokea kwenye eksozi. Nilikuwa najiuliza mbona haikuwaka njiani, fundi akanieleza kwamba ukizima gari upepo na feni vinakata, joto lililomo linapanda kwanza kabla ya kushuka. Kiti cha mtoto kilikuwa bado kimo ndani ya gari. Kile kiti sikisahau.

Dereva Mzee
Panya. Walijenga kiota juu ya injini, matambara na majani makavu, na waya wamezitafuna mpaka shaba ikabaki uchi. Gari likikaa zaidi ya wiki, fungua boneti kabla ya kuwasha.

Msomaji
Msidhani ni magari machakavu pekee. Ford iliita mamilioni ya magari yarudishwe kutengenezwa Marekani kwa sababu ya swichi moja ndogo iliyounganishwa na breki. Mafuta ya breki yalipenya ndani yake, na kwa kuwa ina umeme muda wote, gari liliweza kuwaka likiwa limezimwa. Septemba 2023 Hyundai na Kia wakaita zaidi ya milioni 3 huko huko Marekani kwa hatari ya mafuta ya breki kuvuja ndani ya kifaa cha ABS (kinachozuia magurudumu yasikwame ukikanyaga breki), na wenye magari wakaambiwa wayaegeshe nje, mbali na nyumba. Chukueni namba ya chasisi mkaulizie kwa wakala wa kampuni, matengenezo ya aina hiyo huwa ni bure.

Mgeni Humu
Nimesoma mwili unasisimka. Langu betri inakufa kila asubuhi, nimeshanunua mpya na bado. Leo jioni nimesikia kaharufu. Limeegeshwa chini ya dirisha la watoto.

Mwanzisha mada
Ndugu yangu, usisubiri asubuhi. Ukiona moshi usifungue boneti, utaupa moto hewa, toa watu ndani na uite zimamoto. Kama hakuna moshi, chomoa waya wa hasi kwenye betri sasa hivi, kisha lisukumeni mbali na ukuta.

Mgeni Humu
Nimetoka na spana namba 10, nimeshachomoa. Kuna waya mwekundu nimeugusa ni wa vuguvugu, na gari sijaliwasha tangu mchana. Tumelisukuma mpaka uwanjani, watoto wamelala chumba cha nyuma. Kesho litakwenda kwa fundi kwa kuvutwa.