Mnaorudia vitabu mlivyokwisha kusoma, mnapata nini?

MsomajiWaChuda:
Wakuu habarini za jioni. Tuna kagrupu ka WhatsApp ka kusoma, watu 12, kila mwisho wa mwezi kila mtu anataja amemaliza vitabu vingapi. Mwezi uliopita mwenzetu kataja vitano, mimi nikataja kimoja tu, Kusadikika cha Shaaban Robert, wakasema hakihesabiki maana nilishakisoma shule. Imenikaa moyoni kwa kweli. Shuleni nilichoshika ni kwamba Karama kashtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha uanasheria, basi, nikajibu mtihani nikapita. Safari hii nimekaa nacho hadi saa sita usiku ndo nikaona kitu, kesi ni ya Karama lakini akisimama kujitetea anasimulia ya wenzake, wale wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wanarudi na habari njema kwa nchi yao halafu wanatupwa gerezani. Yeye mwenyewe hajisemei sana. Mtu kabanwa hivyo na bado muda wake wote anawapa waliofungwa! Sasa hivi kweli hapo sijasoma kitu? Nyie mnaorudia vitabu mnaonaje?

Karani Mstaafu:
Dada umesoma, tena umesoma vizuri. Mimi nakala yangu ya Kusadikika ni ileile ya sekondari, imejaa mistari ya penseli, kila alipotaja mwalimu nimepigia mstari na pembeni nimeandika "dhamira", "mhusika mbaya", mambo ya mtihani hayo. Nikiisoma leo panaponisimamisha ni zile kurasa nyeupe ambazo sikuweka hata nukta. Na kingine, tulifundishwa ni fumbo la utawala wa kikoloni, sawa, tukaandika hivyo. Ila nimekirudia baada ya kukaa ofisi ya serikali miaka mingi ndo nikakumbuka kitabu kimetoka 1951 na mzee Shaaban alikuwa karani wa serikali hiyohiyo ya Waingereza. Yaani kaandika habari ya baraza lisilotaka kuambiwa, na kazi anafanya kwao. Nilipolielewa hilo nilikifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo kwanza.

UmmuSalma_Msa:
Hao wa grupu wanishangaza. Mamangu kila Ramadhani huhitimu msahafu, juzuu 30, na hakuna hata siku moja mtu alomuuliza kwani mwaka jana hukuusoma. Najua kitabu cha hadithi si msahafu, lakini kurudia ni ada yetu sisi, hatukuianza leo. Nyanya yangu alikuwa na Utendi wa Mwana Kupona, lile shairi refu la mama kumuusia bintiye, kwa moyo, akisuka ukili huku ausoma, nami nimekaa chini namshikia miyaa. Utotoni niliusikia kama nyimbo tu. Nilipoolewa ulinikera, naona ni amri juu ya amri, mfanyie mume hivi, mfanyie vile. Sasa nina binti wa miaka 15, nimeufungua tena na nimekwama pale mwanzo kabisa, mama amwita bintiye asogee karibu, achukue wino na karatasi. Huyo ni mama mgonjwa, mwaka wa 1858, ana wasia wa kumwachia mwanawe na hajui ana siku ngapi. Beti zile nilizisikia miaka na miaka na ugonjwa wake sikuusikia. Nililia.

Kijana wa Kitabu:
Naheshimu wote ila mimi napinga kidogo. Waandishi wa Kiswahili walio hai wanahangaika, wanachapa nakala chache na hazinunuliwi, tukibaki na wale tuliowasoma shule hawa wa leo watasomwa na nani? Mi nadhani soma kipya kwanza, cha zamani kitakusubiri.

Karani Mstaafu:
Kijana hoja yako ina uzito. Ila anayekimbiza hesabu ya vitano kwa mwezi hata hicho kipya hakisomi, anakipitia tu. Nunua kipya, kisome taratibu, kikikugusa kirudie, na ukikirudia utawaambia watu, na hao watakwenda dukani.

MsomajiWaChuda:
Asanteni sana jamani. Kijana wa Kitabu nimekusikia, mwezi huu nanunua kimoja cha mwandishi aliye hai, nitajie unachokipenda. Kwenye grupu nimeomba kila mtu aje na ukurasa mmoja atusomee kwa sauti badala ya kutaja idadi, wanne wameshakubali. Ummu Salma, ule utenzi nilijaribu nikashindwa, Kiamu cha zamani, yaani Kiswahili cha Lamu, kinanipiga chenga, kuna nakala yenye maelezo ya maneno?

UmmuSalma_Msa:
Ipo mwanangu, yangu imetoka jalada lakini ndani nzima. Nami zile beti za mwanzo ntakupigia picha kesho baada ya alasiri, na neno likikushinda niulize, tutakwenda nalo polepole.