Skleroderma na sindano za seli shina: je, tuuze kiwanja?

Kaka_wa_Tanga:
Ndugu zangu, mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 34, ana skleroderma, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili na kukakamaza ngozi na viungo, iliyoanza kwenye vidole na sasa imefika mapafuni. Ametumia dawa za kushusha kinga kwa mwaka mzima, na pumzi bado inapungua. Kliniki moja ya nje inatangaza sindano za seli shina zisizohitaji kulazwa, na familia iko tayari kuuza kiwanja. Je, hii ndiyo tiba inayozungumzwa na madaktari?

Muuguzi_Damu:
Pole sana, kaka, lakini kiwanja kisiuzwe kwanza. Katika tiba iliyofanyiwa utafiti, mgonjwa hupewa dawa za kuchochea uboho ili seli shina zake mwenyewe, yaani seli mama zinazozaa chembe za damu, zitoke kwenye uboho na kuingia kwenye damu, zikusanywe na kugandishwa. Baadaye hulazwa na kupewa dawa kali zinazofuta chembe za kinga zinazoushambulia mwili, ndipo hurudishiwa seli zake. Kinachotibu hasa ni kule kufuta. Seli zinazorudishwa humwokoa asikae muda mrefu bila kinga. Sindano za tangazo hilo hazifuti chochote.

Msomaji_Makini:
Naongeza kwamba hata tiba yenyewe ina hatari. Katika utafiti wa ASTIS wa Ulaya, uliochapishwa mwaka 2014, kati ya wagonjwa 79 waliopangiwa kupandikizwa, yaani tiba hiyo ya kufuta kinga na kurudishiwa seli, wanane walifariki ndani ya mwaka wa kwanza kutokana na matibabu, ingawa miaka iliyofuata kundi lao lilikuwa na uhai mrefu kuliko waliopewa siklofosfamidi pekee, dawa ya kushusha kinga. Katika utafiti wa SCOT wa Marekani wa mwaka 2018, makadirio ya waliokuwa hai baada ya miaka sita yalikuwa asilimia 86 kwa waliopandikizwa, na 51 kwa wenzao waliopewa siklofosfamidi. Kwa hiyo huchaguliwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake ni mkali lakini moyo haujaharibika, kwa maana moyo dhaifu hauhimili dawa hizo. Mwulizeni daktari wake kuhusu vipimo vya moyo, na pia kuhusu uzazi, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuukatiza.

Kaka_wa_Tanga:
Nashukuru sana. Kiwanja hakiuzwi. La moyo nitaliuliza mimi kliniki Jumatatu. La uzazi nitamwachia mwenyewe, kwani ana mtoto mmoja na bado anatamani wa pili.