Jumamosi tatu Luchelele na ndoana, sato hata mmoja. Nakosea wapi wakuu?

Mgeni_wa_Ziwa
Wakuu habari za wikiendi. Nipo Mwanza mwaka wa pili sasa, nimehamia kikazi kutoka Dodoma, na kule kwetu samaki nilikuwa namuona akiwa ameshakaangwa. Nimeamua nianze kuvua kwa starehe tu, sio biashara, ili Jumamosi nisishinde ndani na simu. Nikaingia duka moja nikamwambia muuzaji nipe vifaa vya kuvulia, akanipa fimbo ya kuchomoa yenye rili, nailoni nene ambayo hata ukiing'ata haikatiki, pakiti ya ndoana imeandikwa 2/0, na chubwi la risasi zito kama betri ya redio. Nimeenda Luchelele kwenye mawe Jumamosi tatu mfululizo, nafika saa nne baada ya chai, natoka saa tisa jua limenichoma mpaka masikio. Chambo natumia vipande vya nyama ya ng'ombe. Kila nikivuta nakuta chambo kimeliwa ndoana ipo tupu, na mpaka leo nimepata samaki wawili wa ndevu wanaoitwa gogogo basi. Kinachoniuma kuna madogo wawili wanakuja na mwanzi na uzi tu, wanakaa pembeni yangu kabisa, wanaondoka na sato wa kutosha mboga ya nyumba nzima. Nikiwauliza wanacheka. Nakosea wapi?

kandambili_moja
Hahahaa mkuu wanacheka hiyo betri ya redio, ikidondoka majini samaki wanajua kuna nyumba imebomoka

Mzee_wa_Mawe
Mkuu hiyo seti uliyouziwa ni ya sangara. Sangara ana mdomo kama mlango wa daladala, ndoana kubwa na uzi mnene kwake sawa. Sato mdomo wake mdogo na hali kwa pupa, anafyonza chambo, akihisi chuma au akihisi kitu kinamvuta anatema, wewe huku juu hujui hata kama alipita. Na nyama ya ng'ombe sio chakula chake, huyu ni mtu wa mwani, wadudu wadogo na vitu laini laini. Wanaoimaliza nyama yako ni furu, vile visamaki vidogo vya pembeni, na hao gogogo.

Fanya hivi. Fimbo baki nayo haina shida, ila toa hiyo nailoni weka nyembamba ya milimita 0.25 au 0.30. Ndoana nunua namba 8 au 10, na kumbuka kwa hizi ndogo namba ikipanda ndoana inapungua, watu wengi wanachanganya hapo wanaenda dukani wanaomba namba kubwa wakidhani ndio kubwa. Chubwi weka karisasi kadogo kama punje ya mahindi, kafunge kama shubiri moja juu ya ndoana. Boya usinunue, kata kandambili iliyokufa kipande kama kidole gumba, toboa katikati pitisha uzi, halafu chomeka njiti ya kiberiti ili lisiteleze, hapo unaweza kulipandisha na kulishusha kutafuta kina. Anza mita moja, wasipogusa ongeza kidogo kidogo mpaka chambo kiwe karibu na chini bila kulala kwenye matope.

Chambo ni nyungunyungu. Chimba chini ya mgomba au pale maji ya bafuni yanapotokea, usiku wa kuamkia safari, waweke kwenye kopo na udongo wao wenye unyevu na usiliache juani. Usimchomeke mzima akabaki ananing'inia kama mkia, furu watamla kuanzia chini wakuachie chuma. Mkate kipande kifupi kifunike ndoana yote.

Na hiyo saa nne baada ya chai ndio kosa kubwa kuliko yote. Saa nne mimi nakuwa narudi nyumbani. Fika saa kumi na mbili asubuhi, au njoo saa kumi jioni.

Mgeni_wa_Ziwa
Duh Mzee asante sana, yaani nilikuwa nalaumu bahati kumbe nalisha furu nyama ya kununua kwa hela yangu. Swali, boya likitingishika navuta hapo hapo au nasubiri?

Mzee_wa_Mawe
Likitingishika tik tik tik hao ni furu, waache. Sato boya linatembea kwanza kwenda pembeni kama mtu anaondoka bila kuaga, halafu linazama kwa mshazari. Hapo nyanyua mkono tu, kiganja, usivute kama unaanika godoro, midomo yake inachanika.

binti_Ukerewe
Mimi nimekulia kisiwani, ndoana nimeshika kabla ya kalamu, naomba niongeze kuhusu ugali maana mzee kausahau. Ugali wa jana, wa dona, ukande na pumba kidogo mpaka uache kunata mkononi, halafu tatizo lake ni kwamba ukirusha unatoka kwenye ndoana ukiwa bado hewani. Dawa yake chukua pamba kidogo ichambue uikande humo humo ndani, nyuzi zake zinashika, na huku Usukumani pamba haijawahi kuwa shida. Sato wakubwa mimi wengi nimewatoa na ugali kuliko nyungunyungu, kwa sababu nyungunyungu kila samaki anamtaka, ugali mwenyewe anakuja. Na kabla hujaanza chukua pumba changanya na udongo wa pale pale finyanga matonge mawili matatu tupa pale unapovulia, kaa kimya kama nusu saa. Mengi hapana, wakishiba watakuangalia tu.

Pia kaka angalia sehemu yenyewe. Mawe matupu yenye kina kirefu sio kwa sato sana, tafuta pale mawe yanapokutana na matete au mchanga. Na usiingie majini, simama kwenye jiwe. Ziwa letu lina kichocho, konokono wake wanakaa hapo hapo kwenye majani ya pembeni unapotaka kuloweka miguu. Na giza likianza kuingia ondoka kwenye matete, mamba na kiboko hawajui kama wewe ni wa starehe.

kambale_wa_usiku
Sato sato sato, mbona mumi, yaani kambale, hamumtaji? Mkuu ukichoka kubembeleza hao mabinti njoo usiku kwenye maji yaliyotulia yenye tope, ndoana hiyo hiyo yako ya 2/0 usiitupe, weka utumbo wa kuku uliolala au kipande cha sabuni ya mche, ulaze chini kabisa. Utanishukuru.

kandambili_moja
Sabuni tena?? Anakuja kuoga?

kambale_wa_usiku
Cheka tu. Mumi anatafuta chakula kwa kunusa na kwa yale masharubu, kwenye tope macho hayamsaidii. Waulize wanaotega mumi kwa kamba za ndoana nyingi chambo chao ni nini, sabuni inatumika miaka yote, na uzuri wake furu hawaigusi kwa hiyo inakaa usiku mzima.

binti_Ukerewe
Sabuni ni kweli inakamata, baba alikuwa anatumia. Ila mtu mgeni usimwambie aende matopeni usiku peke yake, hayo uliyoandika yafanye wewe.

Mvuvi_Naksha
Wazee salamu kutoka Naivasha, Kenya. Huku kwetu kuna samaki anaitwa kapi (carp), waliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakawa wengi kwa mashua. Kapi ni wa ugali pia lakini sisi tunakanda na maziwa lala ama sukari kidogo, na hiyo maneno ya pamba nimeipenda nitajaribu, ugali yangu hutoka kila mara. Besi (bass) nao waliletwa na wazungu tangu 1929, hao hawataki ugali, wanataka kitu inatembea. Viboko huku wamezidi, hiyo ya dada ya kuondoka mapema chukueni serious.

Afisa_mstaafu
Kijana, kabla hujazoea, pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize habari ya leseni hata kama ni ya burudani, na pale mwaloni samaki wanaposhushwa jitambulishe kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, watakusaidia hata kukuonyesha sehemu salama. Kanuni zetu sato aliye chini ya sentimita 25 na sangara chini ya sentimita 50 hawaruhusiwi, beba rula. Kisiwa cha Saanane unachokiona pale ni hifadhi ya taifa, usipeleke ndoana bila kibali. Na ukimtoa sato jike angalia mdomoni, akiwa na mayai au vitoto ndio malezi yake hayo, mrudishe taratibu asije akavitema.

Mgeni_wa_Ziwa
Narudisha majibu wakuu. Jana nimefika saa kumi na mbili na robo, ndoana namba 10, boya la kandambili (ya mke wangu, hajajua), nyungunyungu wa bafuni. Lisaa la kwanza tik tik tik tu. Saa moja na nusu boya likaanza kutembea kushoto, mkono unanitetemeka, likazama, nikanyanyua kiganja kama mzee alivyosema, SATO! Sentimita 28. Mpaka saa tatu nilikuwa nao wanne, wawili nikawarudisha rula imekataa. Mmoja mkubwa alinifikia miguuni akakata uzi, nimemuota usiku. Yule dogo mmoja akaja kuangalia boya langu akasema "sasa bro."

Ila gogogo kanichoma kwenye kiganja nilipokuwa namtoa, mkono umevimba na unauma mpaka sasa. Huyu anashikwaje?

Mzee_wa_Mawe
Hongera. Gogogo ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ya mapezi ya pembeni, akiogopa anaisimamisha na inajifunga hairudi. Mfunike na kitambaa kinene, pitisha vidole nyuma ya hiyo miiba ya pembeni, toa ndoana na koleo. Mkono loweka kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, na kama kesho uvimbe umepanda nenda zahanati, usikae nao. Na huo uzi uliokatika, ulifunga fundo gani?

Mgeni_wa_Ziwa
La kamba ya kiatu.

Mzee_wa_Mawe
Nilijua. Jumamosi ijayo saa kumi na mbili njoo na uzi wako, nitakuwepo kwenye lile jiwe lenye mtini.