Mjadala: Je, Alain Delon alistahili tuzo ya heshima ya Cannes?

Ndugu aliyefungua mjadala huu anasema kwamba Tamasha la Filamu la Cannes lilikosea mwezi Mei 2019 lilipompa Alain Delon Palme d'Or (jina la tuzo kuu ya tamasha hilo) ya heshima, kwa sababu mwigizaji huyo wa Ufaransa alikuwa amekiri hadharani kuwapiga wanawake makofi, alipinga wapenzi wa jinsia moja kuasili watoto, na hakuwahi kuuficha urafiki wake na Jean-Marie Le Pen, mwanasiasa wa mrengo mkali wa kulia. Wanaomtetea wamerudia jibu la mkurugenzi wa tamasha, Thierry Frémaux, kwamba Delon hakuwa akipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Jibu hilo naliona jepesi. Palme d'Or ya heshima haitolewi kwa filamu fulani, wala haiamuliwi na jopo la waamuzi wa mashindano. Tamasha lenyewe humchagua mtu na kumpandisha jukwaani ashangiliwe. Tena kwa mwigizaji ni vigumu kuitenga kazi na mwenye kazi, kwa kuwa anachofanyia kazi ni sura na mwili wake mwenyewe. Katika filamu ya Le Samouraï (1967) dakika za mwanzo hupita bila mtu kusema neno, na muuaji wa kukodiwa tunamjua kwa namna Delon anavyosimama mbele ya kioo akiuweka sawa ukingo wa kofia yake. Habari za utoto wake mgumu, na za Indochina alikopelekwa akiwa askari wa jeshi la majini, sidhani kama zinaamua lolote hapa.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaotaka jina lake lisitajwe kwa wema, na sababu yangu ni filamu ya Monsieur Klein ya mwaka 1976. Delon, mtu wa mrengo wa kulia, alikuwa miongoni mwa watayarishaji wake, na mwongozaji alikuwa Joseph Losey, Mmarekani aliyenyimwa kazi Hollywood kwa sababu ya siasa zake za kushoto. Ndani yake Delon ni mfanyabiashara wa picha za sanaa jijini Paris mwaka 1942, wakati mji huo ukikaliwa na Wajerumani wa Hitler, ambaye mapema kabisa, akiwa amevaa joho la nyumbani, anamlalia bei Myahudi anayeuza mchoro wa Kiholanzi ili apate pesa za kukimbilia. Filamu inamaliza kwa kuwaonyesha polisi wa Ufaransa wenyewe wakiwakusanya Wayahudi, jambo ambalo rais wa nchi hiyo, Jacques Chirac, alikiri kuwa ni dhima ya taifa mwaka 1995, yaani miaka 19 baadaye.

Filamu hiyo ilishindana Cannes mwaka uleule, na Palme d'Or ikaenda kwa Taxi Driver. Sibishi kwamba mshindi alistahili. Ninachopendekeza ni kwamba tamasha liache kabisa kutoa tuzo za heshima na libaki kuzipima filamu zinapotoka, maana tuzo ya uzeeni humlazimisha mtoaji kuubariki umri mzima wa mtu, pamoja na yale ambayo hana mamlaka ya kuyahukumu. Anayepinga na atueleze Delon wa 2019 alikuwa ameifanyia sinema jambo gani ambalo waamuzi wa 1976 hawakuwa na nafasi ya kulipima.